Kuoka mkate kwa ngano uliyosaga mwenyewe: chombo kipi kitangulie?

Swali: Assalaam alaykum. Ninaishi Chumbageni, Tanga, na nimezoea kupika mkate wa kumimina, maandazi na chapati. Sasa nataka kuacha unga wa dukani, nisage ngano nzima na nioke boflo nyumbani. Nina oveni ndogo ya gesi, jiko la mkaa na friji yenye friza. Ndugu yangu aliyeko Marekani amejitolea kuniletea mashine ya kusagia na mashine ya kukandia. Je, nizipokee, au kuna vyombo vingine vinavyotangulia? Na unga ukishasagwa niuweke wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nitangulize jibu lenyewe kabla ya maelezo. Mashine ya kukandia mwambie ndugu yako asijisumbue nayo, na ya kusagia isubiri mpaka uwe umeoka kwa muda ukitumia mashine ya mtaani. Vyombo vinavyotangulia ni mizani, chekeche laini, vipimajoto viwili na bati zito la mkate. Ninasema hivyo kwa sababu mkate wa ngano nzima ukiharibika hapa Tanga, mara nyingi chanzo ni joto, unyevunyevu au kipimo cha kubahatisha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondolewa na mota.

Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda, ambalo ni takriban asilimia 14 ya uzito wake, kiini kinachoota mche, ambacho hakizidi asilimia 3, na sehemu ya katikati yenye wanga na protini, ambayo ni takriban asilimia 83. Unga mweupe wa dukani ni hiyo sehemu ya katikati peke yake. Unga utakaousaga wewe umebeba vyote vitatu, na tofauti yake na ule mweupe ni ileile ya dona na sembe. Kiini kina mafuta, na mafuta hayo yakishavunjwa na kukutana na hewa huanza kuharibika, ndiyo maana unga wa namna hii hauvumilii kukaa kabatini. Ganda nalo hunywa maji mengi lakini huyanywa polepole, na vipande vyake vyenye ncha hukata ule utando wa protini unaotakiwa kuishika gesi ya hamira. Karibu kila chombo nitakachokitaja hapa chini kinahitajika kwa sababu ya tabia hizo.

Kabla ya vyombo, neno moja kuhusu ngano yenyewe, kwa maana kosa la hapa halirekebishwi na kifaa chochote. Ngano inayouzwa kwa ajili ya bokoboko, ambayo ndiyo rahisi kuipata katika maduka ya nafaka, hasa inapokaribia Ramadhani, mara nyingi imekobolewa. Inafaa sana kwa bokoboko, lakini ukiisaga hupati unga wa ngano nzima, kwa kuwa ganda, na mara nyingine kiini pia, vimeshaondoka. Muulize muuzaji waziwazi kama ngano imepita kwenye mashine ya kukoboa, kisha uitazame mwenyewe: punje nzima ina rangi ya hudhurungi na mfuo uliozama katikati, ilhali iliyokobolewa ni nyeupe na imekwaruzika. Usinunue kamwe ngano ya mbegu iliyotiwa dawa, ambayo kwa kawaida hupakwa rangi, kama vile nyekundu au kijani, ili watu waitambue. Hiyo ni sumu, na kuiosha hakuiondolei sumu yake. Ngano ya nchini hulimwa zaidi nyanda za juu, kama vile Hanang, Karatu, Monduli na Makete, na mzigo mmoja huweza kutofautiana na mwingine kwa nguvu ya protini. Jaribio la kale lingali linafaa: tafuna kiganja kidogo cha punje kwa dakika kadhaa, ukimeza wanga unaoyeyuka. Ikibaki bonge dogo linalovutika bila kukatika, ngano hiyo itainua boflo. Ikisambaratika mdomoni, itakufaa zaidi kwa chapati na biskuti.

Sasa tuje kwenye kusaga. Mashine za mtaani, zile zinazosaga mahindi na mtama, nyingi hufanya kazi kwa vyuma vinavyozunguka kwa kasi na kuipiga nafaka mpaka ipite kwenye wavu wa bati lenye matundu. Unga wake ni mzuri kwa mkate kwa masharti matatu. La kwanza, mwombe fundi akuwekee wavu wenye matundu madogo kuliko yote aliyonayo, kwa kuwa ule wa dona hutoa chembe nene mno. La pili, nenda wakati mashine imesafishwa, au kubali kilo ya kwanza itoke na mabaki ya mahindi na uitengee uji. Mahindi hayana ile protini inayovutika, na yakichanganyika na ngano kwa wingi mkate hushuka. La tatu, ngano iwe imepepetwa kwa ungo na kuchambuliwa, kwa sababu kijiwe kimoja kinatosha kutoboa wavu wa mtu. Ukitaka kuiosha, ioshe asubuhi ya jua kali, uitandaze nyembamba mkekani na usiisage mpaka ikauke kabisa. Punje iliyokauka ukiing'ata hupasuka kwa mlio, na yenye unyevu hubonyea. Mashine za mawe hasa haziipendi ngano yenye unyevu, kwani unga hugandamana juu ya jiwe na kulifanya liteleze badala ya kusaga.

Blenda, kama unayo, inaweza kusaga ngano kwa dharura, gramu 150 au 200 kwa mara moja, ukiipumzisha kila baada ya muda mfupi ili mota isiungue. Unga wake hautoki sawasawa, kwa hiyo lazima uuchekeche na kurudisha chenga kwenye blenda. Kwa chapati za jioni inatosha, lakini kwa mikate ya kila wiki utaichosha bure.

Mashine ya nyumbani nayo ina raha yake, siwezi kukataa: unasaga gramu 500 unazozihitaji na kuzikanda palepale. Zipo za mawe mawili yanayosuguana na zipo za meno ya chuma. Za chuma hutoa unga laini sana kwa haraka, lakini kelele zake zinaamsha nyumba ya pili. Za mawe ni tulivu zaidi, na unaweza kuzirekebisha zikatoa unga laini au ngano ya kupasuka. Ili upate picha ya kasi yake, ile ya Kijerumani iitwayo Mockmill 100 hutumia wati 360 na husaga takriban gramu 100 kwa dakika, yaani ngano ya boflo moja kwa dakika 5. Tahadhari yangu ni kuhusu umeme. Vifaa vinavyouzwa Marekani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma itashusha volti, ila haibadilishi mizunguko, na kuna mota ambazo hazistahimili tofauti hiyo. Siku utakapofikia hatua ya kununua, agiza toleo la volti 230 na uandae plagi ya miguu mitatu. Mpaka hapo, mashine ya jirani inakutosha, na hata umeme ukikatika siku ya kuoka unakuwa umeshasaga.

Mizani ndiyo chombo ambacho singekubali uanze bila hicho. Unga uliotoka kusagwa umejaa hewa, na kikombe kilekile huweza kubeba gramu 110 ukiujaza kwa kuunyunyiza na gramu 140 ukiuchota na kuushindilia. Katika unga mweupe tofauti hiyo husameheka kwa kuongeza maji kidogo. Katika ngano nzima, ambayo huchelewa kunywa maji, huwezi kujua kwa mkono kama kinyunga kimezidi maji au bado hakijayanywa. Nunua mizani ya kielektroniki inayosoma gramu 1 na kubeba angalau kilo 5, ili uweke beseni zima juu yake. Kipimo cha kuanzia ni unga gramu 500, maji gramu 400, chumvi gramu 10 na hamira ya chenga gramu 4. Kwa vipimo vidogo kama hivyo vya hamira mizani za kawaida huyumba, kwa hiyo tumia kijiko cha chai: kimoja kilichosawazishwa juu ni takriban gramu 3. Usishangae wingi wa maji. Asilimia 80 ya uzito wa unga ni jambo la kawaida kwa ngano nzima, na ukikanda kwa ukavu wa chapati utapata tofali.

Katika vipimajoto viwili nilivyovitaja, kimoja ni cha kuning'iniza ndani ya oveni, nacho nitakirudia. Kingine ni kile chenye sindano ya kuchoma, na faida yake kwetu wakazi wa pwani ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kinyunga hupendeza kikiwa na joto la nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi kinapomaliza kukandwa. Unga uliotoka mashineni sasa hivi huweza kuwa na nyuzi 38 au zaidi, na jiko lako mchana wa Februari halipungui 31. Ukitumia maji ya bomba, kinyunga kitaumuka kwa fujo, kitachacha kabla ganda halijalainika, na kitapasuka juu mara tu kinapoguswa na moto. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha joto unalolitaka mara tatu, kisha toa joto la unga na joto la chumba. Kwa nyuzi 26 unapata 78. Toa 38, toa 31, inabaki 9. Hayo ni maji ya friji. Ukiuacha unga upoe mpaka 31, hesabu inakupa maji ya nyuzi 16, ambayo ni rahisi kuyapata kwa kuchanganya ya friji na ya mtungini. Ukikanda kwa mikono hesabu hiyo inatosha. Mashine ya kukandia huongeza joto lake kwa msuguano, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutokuitaka jikoni kwako.

Kuhusu chekeche, lile la chai halifai na lile la kuchujia nazi lina matundu makubwa mno. Tafuta la bati au chuma kisichoshika kutu lenye matundu yanayokaribia nusu milimita, pana kiasi cha kukaa juu ya beseni. Lengo si kuzitupa pumba, la sivyo ungebaki na unga wa dukani. Unachekecha unga wote, na zile pumba nene zinazobaki juu, ambazo kwa unga wa mashine ya mtaani huweza kufika gramu 50 au zaidi katika gramu 500, unaziweka kwenye bakuli na kuzimwagia maji ya moto kutoka katika yale maji yako 400 uliyokwisha kuyapima. Ziache zipoe kabisa. Zitalainika, ncha zake zitalegea, na utazirejesha mwishoni, wakati kinyunga kimeshapata nguvu. Angalia kinyunga kabla na baada ya kuzitia: kabla, ukivuta kipande kidogo kati ya vidole, utando unatanuka mpaka mwanga unapita, baada ya kuzitia, utando huo unabaki, ukiwa na madoa ya hudhurungi. Kama pumba ungezichanganya kavu tangu mwanzo, ungekatika mapema.

Kukanda hakuhitaji mashine kwa sababu ngano nzima inafanya nusu ya kazi ikiwa imepumzika. Changanya unga na maji tu, funika kwa kitambaa kibichi, uache dakika 30 hadi 45, ndipo utie chumvi na hamira. Baada ya hapo kunja kinyunga ndani ya beseni, ukikivuta upande mmoja na kukilaza juu ya mwingine kwa mkono uliolowa maji, dakika 5 au 6, kisha urudie mikunjo michache kila baada ya nusu saa mara mbili au tatu. Vyombo vyake ni beseni pana lenye kitako kizito na kipande cha plastiki ngumu chenye ukingo wa mviringo cha kukwangulia. Mwanamke aliyezoea kupiga unga wa maandazi ya alfajiri hatafundishwa na mota namna ya kukanda. Beseni la plastiki jembamba liepuke, maana linateleza na kukuchosha.

Bati la mkate lenye urefu wa sentimita 23 na upana wa sentimita 13 linatosha kinyunga cha gramu 500 za unga. Chagua zito, lenye rangi nyeusi au kijivu iliyokolea, kwa sababu yale mepesi yanayong'aa huuacha ubavu wa mkate ukiwa mweupe na mbichi.

Oveni ndogo za gesi zina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba moto wake hutoka chini peke yake. Mkate huungua kitako kabla uso haujapata rangi. Weka sinia tupu nzito kwenye safu ya chini kabisa ili izuie ule moto wa moja kwa moja, oka kwenye safu ya katikati au ya juu kidogo, na uning'inize kipimajoto karibu na bati, kwa kuwa kitufe cha kupangia joto cha oveni za aina hii huweza kudanganya kwa nyuzi 20 au 30. Unataka nyuzi 190 hadi 200, kwa dakika 40 hadi 50. Rangi ya uso haitakusaidia sana, maana mkate wa ngano nzima ni wa hudhurungi tangu ukiwa mbichi. Choma sindano katikati: ikisoma nyuzi 95, umeiva.

Jiko la mkaa usilidharau hata kidogo. Anayejua kupalia mkate wa kumimina, akiweka makaa juu ya mfuniko na kupunguza ya chini, tayari anajua kile ambacho oveni yako ya gesi imeshindwa kukifanya. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa chuma, weka kigae au vijiwe vitatu vidogo ndani yake ili bati lisiguse kitako, ipashe moto robo saa kabla ya kutia mkate, na makaa ya juu yawe takriban mara mbili ya yale ya chini. Kipimajoto cha sindano kinafanya kazi humo vilevile. Oka uani au mahali penye upepo wa kutosha, kamwe si katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya makaa inaua bila harufu. Ukiniuliza mimi, boflo ya kwanza ningeioka hivyo, na oveni ya gesi ningeiachia biskuti.

Mkate ukitoka, utoe kwenye bati mara moja na uuweke juu ya wavu wa waya, au hata juu ya wavu wa kuchomea samaki uliosafishwa vizuri, ili mvuke utoke chini. Usiukate mpaka zipite saa 2. Ukikatwa na moto hunata kisuni.

Nimalizie na swali lako la kuhifadhi. Ngano nzima ambayo haijasagwa ndiyo inayokaa, na ndiyo sababu ninashauri usage kidogo kidogo hata kwenye mashine ya mtaani. Nunua ndoo yenye mfuniko wa kubana, uijaze mpaka juu ili hewa iwe chache, na kabla ya kuijaza ipitishe ngano kwenye friza siku 4, mafungu kwa mafungu, ili mayai ya fukusi yafe. Kila fungu likitoka, liache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka lipate joto la chumba, ndipo ulimimine ndooni. Ndoo isikae sakafuni wala kuegemea ukuta unaotoa chumvi. Unga wenyewe, kwa joto letu, usiuache kabatini zaidi ya siku 3; unaozidi utie kwenye chombo kisichopitisha hewa na uuweke kwenye friji kama utautumia wiki hiyo, au kwenye friza kama ni wa mwezi huu. Unuse kabla ya kukanda: ulio mzima una harufu tamu kidogo ya nafaka, na ulioharibika hunuka mafuta yaliyokaa na huacha uchungu ulimini. Unapoutoa kwenye friza acha chombo kikiwa kimefungwa vivyo hivyo, kwa sababu ukikifungua kingali baridi, hewa ya Tanga itageuka umande juu ya unga, utaganda madonge, na ule unga uliopimwa gramu 500 hautakuwa tena gramu 500 za unga.